Mama wa Tandahimba na neno "participation"

Kazi yangu hapa Mtwara ni kutafsiri taarifa za miradi kwenda Kiingereza, na neno ninalokutana nalo karibu kila wiki ni participation, yaani ushiriki. Nawaandikia ninyi mnaoandika mihtasari ya vikao, taarifa au maombi ya kazi, kwa sababu neno hili liliwahi kunifanya niwakosee watu.

Ilikuwa kijiji kimoja wilayani Tandahimba, chini ya mkorosho, kuhusu kisima. Karatasi ya mahudhurio ilizunguka pamoja na kidau cha wino wa dole gumba. Mgeni akazungumza karibu saa mbili, soda zikagawiwa, watu wakaondoka. Nikahesabu sahihi na alama za dole, nikaandika kwamba kulikuwa na participation kubwa ya wananchi. Mwezi uliofuata tuliporudi nikawasomea taarifa ile kwa Kiswahili. Mama mmoja akajifunga kitenge vizuri, akasimama.

"Mwanangu, mimi sikushiriki. Niliitwa nikaja, nikakaa, nikaenda zangu. Usiniandikie nisilolisema."

Alikuwa na haki. Kuja na kukaa Waingereza wanaita attendance, yaani mahudhurio. Participation asili yake ni Kilatini: pars ni sehemu, capere ni kuchukua. Kushiriki kwetu nako kumetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kuwa na fungu pamoja na mwenzio. Humo ndimo yalimotoka shirika na ushirika, hata ushirikina, yaani kumpa Mungu mshirika. Asiye na fungu hajashiriki.

Penye ugumu hasa ni hapa. Sisi tuna ushiriki na tuna ushirikishwaji, na yote mawili kwa Kiingereza huishia kuwa participation. Kiswahili kinamwonyesha aliyejitokeza mwenyewe na aliyeletwa na mwingine, lakini ukivuka upande wa pili tofauti hiyo inamezwa. Kwa hiyo ukiona "wananchi walishirikishwa", usitafsiri kwanza. Uliza ni nani aliwashirikisha, katika lipi, na walichosema kilibadili nini. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein alichora ngazi ya ushiriki yenye vipandio 8. Kuarifiwa ni cha 3 tu kutoka chini. Wananchi kuwa na mamlaka ndicho cha juu kabisa. Mkutano wetu ulikuwa wa kuarifiwa.

Mwenye kutaka kuona kipandio cha juu zaidi aende kwenye mnada wa korosho. Wakulima wa vyama vya msingi husomewa bei, nao huikubali au huikataa. Oktoba 2018 waliikataa, korosho zikabaki ghalani. Hapo andika participation bila wasiwasi.

Sarufi yake haina mengi. Kwetu "kushiriki mkutano" ni sawa, ndiyo maana wengi tunaandika "participated the meeting". Kiingereza kinadai in: participated in the meeting, participation in the meeting. Wingi usiutie, participations karibu haitumiki. Na usilichanganye na involvement, ambalo ni kuhusika, maana mtu huweza kuhusika hata na wizi.

Ushauri wangu mkubwa ni kuliacha jina na kushika kitenzi. Badala ya "ushiriki wa wanawake ulikuwa mzuri", andika ni wanawake wangapi walizungumza, walipinga nini, na uamuzi gani ulibadilika. Ukikosa cha kuandika, basi walihudhuria. Sema hivyo.

Taarifa ile niliiandika upya. Idadi ya waliokuja niliiweka kwenye mahudhurio. Chini ya participation nikaweka maneno mawili tu yaliyosemwa siku ile ya pili, la kwanza likiwa la mama yule: kisima kisichimbwe bondeni, maji ya kule yana chumvi.