Akaunti ya mama Nakuru na fomu ya Mmarekani

SWALI: Hujambo kaka. Mimi ni muuguzi hapa Dallas, nina kadi ya kijani. Nakuru nina akaunti ya pamoja na mama, ya matibabu yake. Iliwahi kufika shilingi 700,000. Nina akiba ya muda maalumu, 400,000. Tena ni mtia sahihi wa chama chetu cha akina dada, kina kama 900,000. Juzi benki imenitumia fomu ya W-9, ile ya kutoa namba ya mlipakodi wa Marekani, nijaze. Rafiki ananishauri nifunge zote kimyakimya. Nifanyeje?

JIBU: Dada, usifunge kitu. Rekodi za miaka iliyopita hazifutiki, na ukifunga ghafla baada ya kuletewa W-9, usahaulifu wako utaonekana ujanja. Fomu hiyo inatokana na FATCA, sheria ya mwaka 2010 inayozisukuma benki za nje kuiarifu IRS, idara ya kodi ya Marekani, kuhusu wateja wanaopaswa kulipa kodi huko, kama wewe mwenye kadi ya kijani. Ijaze.

Deni lako liko kwingine: FBAR, ripoti ya kila mwaka ya akaunti zilizo nje ya Marekani. Hii si kodi, ni taarifa tu, na haiendi pamoja na ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka. Hutumwa kwa intaneti kwa FinCEN, kitengo cha kupambana na uhalifu wa fedha kilicho chini ya Wizara ya Fedha ya Marekani. Inakuhusu iwapo akaunti zako zote za nje, zikijumlishwa, zilipita dola 10,000 hata kwa siku moja ya mwaka. Zako ni milioni 2, yaani dola 15,000 na ushei. Ndiyo, na za chama zinahesabiwa. Hela si zako, lakini sahihi yako inatosha. Nimemwona mweka hazina wa kikundi cha kuzikana akidaiwa FBAR, naye mwenyewe hana hata ndururu benki ya Kenya.

Sasa niambie: riba ya ile akiba uliiandika kwenye ritani? Usinijibu kwamba benki ilishakata kodi. Marekani inataka mapato yako ya dunia nzima. Kodi iliyokatwa Kenya unadai upunguziwe kwenye ile ya Marekani. Kama uliiandika, tuma FBAR zilizochelewa pamoja na maelezo, na kwa kawaida hutozwi faini, mradi IRS haijakutafuta. Kama hukuiandika, na nahisi hivyo, kuna utaratibu uitwao Streamlined: unarekebisha ritani za miaka 3, unatuma FBAR za miaka 6, unaapa kwamba hukukusudia, kisha unalipa asilimia 5 ya salio. Hapa hela za chama hazimo, kwa kuwa si zako; hata tukihesabu akiba yako na akaunti ya mama yote, haifiki dola 500. IRS ikianza kukukagua, mlango huo umefungwa.

Nje ya hapo, sheria iliweka faini ya hadi dola 10,000 kwa asiyekusudia, na huongezwa kufuata mfumuko wa bei. Mwaka 2023, katika kesi ya Bittner, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua ihesabiwe kwa kila ripoti ya mwaka, si kwa kila akaunti. Aliyeficha makusudi anaweza kupoteza nusu ya salio au zaidi.

Wiki hii iombe benki taarifa za akaunti za miaka 6, na katibu wa chama akupe zao. Na huyo rafiki yako, muulize kama yeye anajaza FBAR.