Shangazi, Yeremia 29 isomwe kuanzia mstari wa kwanza

Shikamoo shangazi. Umeuliza kwenye kundi la ukoo kwa nini vijana walioko Marekani hawaji kuzika wazazi wao, wanatuma tu rambirambi na Yeremia 29:11, ule mstari wa mawazo ya amani na tumaini. Na huko Mwanga, Kigoma, watu wanasema wakishaonja dola, mama hana thamani tena. Maneno hayo yanaumiza, na si ya kweli.

Wengi wamefungwa na karatasi. Aliyeomba kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu wa Marekani, akiwa hukohuko, kwa kawaida haruhusiwi kutoka bila kibali cha kusafiri. Akitoka hivihivi, ombi linahesabiwa ameliacha, na miaka ya kusubiri imepotea pamoja na ada. Kibali kinaombwa kwa fomu I-131. Ukitokea msiba ipo njia ya dharura: anapiga simu idara ya uhamiaji ya Marekani (USCIS) kuomba miadi ya ofisi yao ya karibu, anakwenda na fomu, ada, picha za pasipoti na ushahidi wa msiba. Kwenye ushahidi ndipo nyumbani mnapowaangusha.

Barua ya hospitali ya kuthibitisha kifo inapigwa picha usiku kwa tochi, mhuri wa hospitali umekatika nusu, marehemu ameandikwa "Mama Zawadi" wakati cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina jina lake la ubatizo. Afisa atajuaje kwamba huyo ndiye mama? Pigeni picha mchana, karatasi iwe imelala mezani, pembe zote nne zionekane, mhuri na tarehe visomeke, jina lifanane na la kwenye cheti. Ikiwa ni ya Kiswahili, lazima iambatane na tafsiri ya Kiingereza yenye sahihi ya mfasiri. Itumeni siku ileile. Kama mnaweza kuahirisha maziko siku mbili, ahirisheni. Kama hamwezi, zikeni, wala msimlaumu.

Sasa huo mstari. Mnaukata peke yake mnaufanya ahadi ya viza. Ile ni barua, shangazi, Yeremia aliiandika Yerusalemu kwenda kwa waliohamishwa Babeli. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani, wa 6 waoe na kuzaa, wa 7 wauombee amani mji wa ugenini. Wa 10 unataja miaka 70. Hesabu mwenyewe: wapo waliosomewa barua ile wakiwa watu wazima, wakazikwa Babeli. Mungu hakuwa amewatupa. Aliyeko mbali anapata nguvu hapo, kwamba ahadi inasimama hata kama yeye hakufika kaburini.

Kwa usiku wa msiba wenyewe, msomeeni Zaburi 34:18, Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo. Haisemi moyo hautavunjika.

Mpigieni saa 12 asubuhi ya Kigoma. Aliyeko Minnesota, wakati wa baridi kwake ni saa 3 usiku, kiangazi ni saa 4, wengi wametoka kazini. Msimwambie asilie. Michango ya matanga isitajwe kwenye simu hiyo, ingawa najua turubai na mchele vinadaiwa; hilo mwambieni kesho yake, kwa hesabu iliyoandikwa. Mkianza wimbo, wekeni simu mezani karibu na waimbaji, msikate mpaka yeye akate.