Nilisimulia pigano ambalo sikupigana: je, nibaki kimya?

SWALI: Assalamu alaykum, Shekhe. Mimi ni kijana wa Tanga, najifunza karate na mkanda wangu ni wa kijani, bado sijafika mweusi wa waliobobea. Nimo kwenye kundi la mtandaoni la wapenda karate, judo na ngumi, wengi hatujuani. Mwaka jana vibaka wawili walinitolea kisu usiku, nikawapa simu, wakaenda zao. Kundini nilisimulia kuwa nilimnyang'anya mmoja kile kisu wakakimbia wote, na kwamba nina mkanda mweusi. Tangu hapo vijana wananiuliza kama mwalimu. Juzi mmoja ameuliza afanye nini akitolewa kisu, maana hutoka kazini usiku. Sijamjibu. Rafiki zangu wanasema si dhambi, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amesema vita ni hila, tena hakuna aliyedhulumiwa. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, kwanza mjibu kijana huyo leo. Mwambie atoe simu, atoe na pesa, aondoke salama. Mengine tutazungumza, lakini hilo lisingoje, kwani huenda usiku wa leo akapita njia ile ile akiwa na kisa chako kichwani.

Kwamba uongo ni haramu hukuniuliza, nami sitakueleza unachokijua. Kilichonisumbua ni hoja ya rafiki zako, kwa sababu si wao tu wanaoitoa. Naisikia kwa vijana wengi wa michezo ya kupigana, na inavishwa maneno ya Mtume (s.a.w.).

Hadithi ya "vita ni hila" ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim. Lakini vita gani? Imam Nawawi ameeleza kuwa wanachuoni wameafikiana juu ya kujuzu kwa hila dhidi ya adui vitani, ila pale inapovunja ahadi au amani waliyopewa watu. Yaani hata kwa adui mwenyewe kuna mpaka. Sasa niambieni, katika kundi hilo adui ni nani? Ni yule kijana anayetoka kazini usiku? Huyo amekuuliza kwa kukuamini. Anayechukua ruhusa aliyopewa askari mbele ya adui, akaitumia kumdanganya ndugu yake aliyemtaka ushauri, ameigeuza hadithi juu chini. Hata mwalimu wa karate anayekufundisha kumhadaa mpinzani kwa teke la uongo hakuruhusu umdanganye yeye kuhusu mkanda wako.

Ama kusema kwamba hakuna aliyedhulumiwa, sikilizeni hadithi ya Asma binti Abubakar (r.a.), nayo imo kwa Bukhari na Muslim. Mwanamke alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama ana dhambi akijionyesha kwa mke mwenzake kuwa mume amempa asichompa. Hapakuwa na mali iliyoibwa wala mkataba uliovunjwa. Akajibiwa kuwa mwenye kujishibisha kwa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Mkanda usiokuwa wako ni katika nguo hizo. Na Qur'ani, katika Aali Imran aya ya 188, inawaonya wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Hilo ni onyo kwa sifa tupu, kabla hajaumia mtu.

Lakini hapa yupo anayeweza kuumia. Mtume (s.a.w.) amesema, kwa riwaya ya Abu Daud na wengineo, kwamba mwenye kujitia utabibu bila kujulikana kuwa ni tabibu, basi yeye ndiye atakayewajibika kwa madhara. Sisemi wewe utatozwa dia, yaani fidia ya damu, kwa kisa ulichosimulia. Nasema sababu ni ile ile, watu wameweka miili yao juu ya ujuzi usiokuwepo. Mnaofanya mazoezi mnajua kuwa kabali ikibana mishipa ya shingoni humzimisha mtu kwa sekunde chache tu, na akiendelea kukabwa hufa. Mnajua pia kuwa kisu cha mbao cha mazoezini hakimfundishi mtu namna mwili unavyoganda mbele ya kisu cha kweli. Wewe hilo umelionja, na ndilo ulilolificha.

Hapa ndipo nakuonea huruma, maana naona ulisema uongo kwa aibu. Ulidhani kutoa simu ni uoga. Sivyo kabisa. Ni kweli Mtume (s.a.w.) amesema anayeuawa akilinda mali yake ni shahidi, lakini wanachuoni walio wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wanasema kulinda mali kwa kupigana ni jambo linalojuzu, si wajibu. Unaweza kuiacha mali uokoke, na huna dhambi wala fedheha. Ulifanya lililo salama, kisha ukalionea haya na kulibadilisha na la hatari. Wallahi, kundi zima halina kisa chenye faida kwa kijana yule kuliko hicho cha kweli.

Toba yako, basi, ina sehemu mbili. Ya kwanza ni baina yako na Mola wako, nayo isitiri, Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kutangaza dhambi aliyositiriwa. Ya pili ni uongo ambao watu bado wanautegemea, na huo huwezi kuutubia kimya kimya. Andika pale pale ulipoandika mwanzo: mkanda wangu ni wa kijani, kisu sikukinyang'anya, nilitoa simu. Sababu zako na majuto yako si lazima uwaeleze. Wako watakaokucheka, na baadhi yao huenda nao wanajua visa vyao vilivyo.

Usilikimbie kundi. Ukiulizwa tena, pambanua: hili nimefundishwa mazoezini, hili nimeliona, hili limenipata mwenyewe. Swali la kisu mpeleke muulizaji kwa mwalimu wake, akafundishwe kwa mikono na si kwa maandishi. Na rafiki zako waliokupa ile hoja, wasomee jibu hili.

Wallahu a'alam.