Fundi Anajibu: Ukiweka choki inawaka, ukitoa inazima

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Nansio, Ukerewe. Nina mashine ya kufyekea majani ya petroli, ile ya kuning'iniza begani, nilinunua ikiwa imetumika. Nafyekea mji wetu na watu wengine kwa malipo. Msimu uliopita ilinisaidia sana. Kiangazi kilipoingia niliiweka stoo na mafuta yake ndani. Sasa mvua za vuli zimeanza, majani yako magotini, nayo inanigomea. Navuta kamba mpaka bega linauma. Nikiweka choki inashika, inaunguruma kidogo; nikitoa choki tu, inazima. Mafuta nachota kwenye dumu la mume wangu ambaye ni mvuvi, yanakuwa yameshachanganywa oili ya mashine ya boti. Fundi wa hapa amesema kabureta imekufa, ninunue mpya. Ninunue?

JIBU: Marahaba dada. Usinunue bado. Umenieleza vizuri kuliko wateja wengi wanaokuja na mashine yenyewe mkononi, maana umetaja jambo moja linalonionyesha pa kushika: inawaka na choki, inazima bila choki.

Kazi ya choki ni kuziba njia ya hewa. Hewa ikizibwa, injini inavuta petroli kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mashine isiyoishi bila choki inakwambia kwamba petroli inayoifikia ni kidogo, au kuna mahali inavuta hewa isiyotakiwa. Na kwa kuwa inashika, moto wa plagi upo. Plagi na koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, ziache kwanza. Tufuate mafuta kutoka kwenye tangi, hatua kwa hatua, na kabureta tutaikuta mwishoni.

Anza kwa kumwaga mafuta yote. Yamimine kwenye chupa ya kioo isiyo na rangi, yaache yatulie dakika kumi, kisha iangalie chupa kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatajikusanya chini kama shanga au kama mstari. Mimi nilijifunzia ufundi Kirumba, Mwanza, pale Mwaloni, kwenye mashine za boti, na dumu la mvuvi nalijua. Linafunguliwa kwenye wimbi, linafungwa na mikono yenye maji, linalala juani mchana na kwenye baridi ya ziwa usiku. Maji hayakosekani. Mashine ya boti ina tangi kubwa na mara nyingi ina filta yake ya kutenga maji. Mashine yako ina kitangi kidogo na njia nyembamba kama uzi. Tone moja la maji linaisimamisha.

Hata kama hakuna maji, mafuta hayo usiyarudishe. Petroli ikikaa zaidi ya mwezi mmoja inaanza kuchakaa, na yako imekaa kiangazi kizima, bila shaka chini ya bati. Ile sehemu nyepesi inayoshika moto haraka inapaa, inabaki sehemu nzito, na ndani ya kabureta linaganda tope la kunata la rangi ya manjano au kijani. Yanuse tu: yatanukia kama rangi ya mafuta iliyoachwa wazi.

Tangi likiwa tupu, chukua waya laini, upinde ncha kama ndoana, uvue mpira wa mafuta kupitia mdomo wa tangi. Kwenye ncha ya mpira utakuta filta ndogo. Ikiwa nyeusi au ngumu, badilisha. Hiki ni kitu cha bei ndogo na ndicho watu wanachokisahau kabisa. Kisha ukunje mpira wenyewe taratibu kwa vidole, hasa pale unapoingia tangini na pale unapovaa kwenye kabureta. Mpira mzima unalegea kama tambi iliyoiva. Uliochoka unakuwa mgumu, na ukiukunja unaonyesha nyufa ndogondogo. Nyufa hizo hazivujishi petroli nje, ndiyo maana hazionekani, lakini zinavuta hewa ndani. Nimeona mashine nyingi zilizohukumiwa "kabureta mbovu" zikapona kwa kipande cha mpira kisichofika shibiri.

Kama mashine yako ina kile kipira cha kubonyeza kwa kidole gumba, bonyeza mara kadhaa baada ya kuweka mafuta mapya. Petroli ionekane inapita ndani yake na kurudi tangini. Kikibaki na mapovu tu, kuna hewa inaingia mahali. Na kwa kuwa uliinunua kwa mtu, hakikisha mipira miwili haikubadilishwa sehemu zake: ule wenye filta uende kwenye kabureta, ule wa kipira urudishe mafuta tangini. Ikigeuzwa, utabonyeza mpaka jioni.

Sasa kabureta. Toa kava la filta ya hewa, ioshe sponji yake kwa maji na sabuni, ianike ikauke kabisa. Fungua nati mbili zinazoshika kabureta. Kabla hujaigusa, piga picha kwa simu kila hatua, maana mpangilio wa gasketi na utando ukikosewa haitafanya kazi hata ikiwa safi. Fanyia kazi juu ya sinia pana: ndani kuna springi ndogo kuliko punje ya mchele, ikiruka umeipoteza.

Upande mmoja una utando mwembamba unaopampu mafuta, na chini yake kuna kachujio kadogo ka waya. Tope hujaa hapo. Upande wa pili una utando mwingine unaosukuma kijimkono cha kuruhusu petroli. Shika tando hizo kwa vidole. Nzima ni laini kama utando wa juu ya maziwa yaliyochemshwa. Zilizokufa zinalia kama karatasi. Ukisikia mlio huo, huhitaji kabureta mpya; ulizia seti ya tando na gasketi zake, ni nafuu kuliko kabureta nzima. Nenda na ile ya zamani mkononi, ulinganishe matundu yake palepale kaunta. Mwili wa kabureta usafishe kwa petroli safi na mswaki, na vitundu uvipulize kwa pampu ya baiskeli. Usichokoe kitundu kwa sindano wala waya. Kitundu kikipanuka hata kidogo, kipimo chake kimeharibika na hakirudi.

Skrubu za kurekebisha mafuta usizizungushe kwa kubahatisha. Hapa nakusihi kabisa. Mtu anakaza hii, analegeza ile, mashine inalia vizuri dakika tano, kumbe inapata petroli kidogo, na petroli kidogo maana yake na oili kidogo. Inapata moto, pistoni inakwaruza silinda, basi. Ukilazimika kuzigusa, kaza taratibu hadi zikae huku ukihesabu mizunguko, uandike, kisha uzirudishe zilipokuwa.

Nimeliacha la mwisho lile linalonisumbua moyoni zaidi: oili ya boti. Dada, hili nalieleza kwa kila mtu wa mwambao, kuanzia Magu mpaka Sengerema, kwa sababu kwenye mialo yetu oili ya boti ndiyo iliyo karibu na mkono. Mashine ya boti inapozwa na maji ya ziwa. Mashine yako inapozwa na upepo tu, ule unaopulizwa na feni yake kwenye mapezi ya silinda. Silinda yake inachemka kuliko ya boti. Oili ya boti, ile iliyoandikwa TC-W3 kwenye kopo, imetengenezwa kwa joto la injini ya kupozwa na maji. Kwenye joto la mashine yako haihimili vizuri. Inaacha masizi kwenye ringi na kwenye bomba la moshi, na siku ya kazi ndefu ya jua kali inashindwa kulinda pistoni. Mimi mwenyewe nilipohama kutoka mashine za boti kuja hizi ndogo nilidhani oili ni oili. Nikaua pistoni ya mteja, nikamlipa. Tangu hapo sijarudia.

Mashine yako ni ya stroki mbili, yaani oili yake inachanganywa kwenye petroli. Nunua oili ya stroki mbili ya injini za kupozwa na hewa. Tafuta kwenye kopo herufi JASO FC au FD. Oili ya pikipiki ya stroki nne pia hapana. Kipimo angalia kwenye kifuniko cha tangi. Kikiandikwa 50:1, ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. 40:1 ni mililita 25. 25:1 ni mililita 40. Usipime kwa kifuniko cha soda. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, liandike OILI, liwe la kazi hiyo tu. Chupa ya maji ya lita moja na nusu kwa 50:1 inataka mililita 30: bomba moja na nusu. Changanya nje ya tangi, tikisa, kisha mimina. Changanya ya wiki mbili tatu tu, na usiyaweke jikoni karibu na mkaa.

Siku ya kuwasha: bonyeza kipira mpaka petroli irudi, weka choki, vuta. Ikikohoa mara moja tu, toa choki, vuta tena. Wengi wanaendelea kuvuta na choki baada ya ile kohoo, plagi inalowa. Ikilowa, ifungue, toa choki, bana resi mpaka mwisho, pindua mashine tundu la plagi litazame chini, vuta kamba mara kumi, kausha plagi, rudisha. Fanya hayo mahali pa wazi, mbali na moto.

Ukimaliza yote hayo na bado inadai choki, hapo ndipo tuangalie gasketi iliyo kati ya kabureta na silinda. Niandikie uniambie na rangi ya plagi: nyeupe, kahawia au nyeusi.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi niko Magu. Mashine yangu ya kufyekea inatoa moshi mweupe mwingi na plagi inajaa masizi kila baada ya siku mbili. Nachanganya oili kwa kipimo sahihi kabisa. Ina kifuniko kingine chenye kijiti cha kupimia oili, lakini jirani aliniambia nichanganye tu kama zote.

JIBU: Mwangaluka, ndugu wa Magu. Kijiti hicho ndicho jibu. Yako ni ya stroki nne: oili ina nyumba yake, petroli inaingia tupu. Mwaga mchanganyiko, weka petroli safi, badilisha oili ya injini kwa ile iliyoandikwa 10W-30 kwenye kopo, mpaka alama ya kijiti, mashine ikiwa imelala sawasawa. Usizidishe, hizi ndogo nyingi zinachukua kama mililita 100 tu. Safisha plagi. Moshi utaendelea kwa muda, kisha utaisha.

SWALI: Kaka fundi, nimehamia Buhongwa kutoka Dar es Salaam na mashine yangu ya stroki mbili. Inawaka vizuri. Baada ya dakika kumi hivi inazima ghafla, inagoma kabisa. Nikikaa robo saa inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Na tangu nihame, plagi inakuwa nyeusi kuliko zamani. Ni mafuta ya huku?

JIBU: Karibu Mwanza. Weusi wa plagi tuuanzie kwenye mwinuko. Kule ulikuwa usawa wa bahari. Hapa ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya bahari, na Buhongwa iko juu zaidi ya ziwa. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa pwani inatoa petroli nyingi kidogo kuliko hewa iliyopo. Mpelekee fundi anayeijua aipunguze kidogo sana. Kabla ya hapo osha filta ya hewa, maana vumbi linaleta weusi uleule.

Kuzima ni jambo lingine. Siku itakapozima, usikae kusubiri, kwa sababu ushahidi unapotea ikipoa. Papo hapo fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia "fsss", kitundu cha kupumulia cha tangi kimeziba: petroli inatoka, hewa haiingii nafasi yake, tangi linajibana mpaka mafuta yanakataa. Safisha kitundu hicho au badilisha kifuniko.

Usiposikia kitu, funga tangi, futa petroli iliyomwagika, sogea hatua kadhaa, toa plagi, uivalishe kofia yake, uiegemeze kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, mtu mwingine avute kamba. Kusipokuwa na cheche wakati imechemka, na zikawepo ikipoa, koili imechoka. Nyaya zake nyembamba za ndani zinaachana zikipata moto na kugusana tena zikipoa. Haitengenezwi, inabadilishwa. Unapofunga mpya, acha nafasi ya milimita 0.3 hivi kati yake na gurudumu la sumaku: weka kadi ya biashara katikati, acha sumaku iivute koili, kaza bolti, kisha chomoa kadi.

Cheche zikiwepo zikiwa kali, fungua bomba la moshi uangalie kile kichujio cha waya mdomoni mwake. Kikijaa masizi injini inashindwa kutoa pumzi. Kisugue kwa brashi ya waya mpaka uone mwanga upande wa pili.