Kodi ya F kwenye gitaa inanigomea: je, vidole vyangu ni vifupi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miezi mitano najifunza gitaa kavu hapa Tanga. C, G, D, A, E na A maina nazipiga vizuri, ila kodi za bare, zile za kulaza kidole kimoja kukatiza nyuzi, zimenishinda. Nikibonyeza F, nyuzi mbili hazilii kabisa na mmoja unakwaruza. Baada ya dakika chache mkono unauma hadi chini ya gumba. Rafiki yangu anasema vidole vyangu ni vifupi, ninunue springi ya kuminya nipate nguvu. Kwaya yetu inaimba sana kwenye F na B flati, siwezi kuzikwepa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Vidole vyako havina kosa, na hiyo springi usinunue. Nimefundisha watoto wadogo wenye viganja vya kitoto na bare wanaipiga. Ila kabla ya kuuangalia mkono, naomba tuanze na gitaa lenyewe.

Nilipokuwa najifunza nilihangaika na F karibu mwaka mzima kwenye gitaa la kuazima. Siku moja mpiga solo aliyenizidi umri alilishika, akapiga kodi moja, akanirudishia: "Mdogo wangu, hili hata mimi linanitesa." Tukalipeleka kwa fundi. Akasugua mifereji ya nati kwa tupa nyembamba, na F ikalia siku ileile. Nati ni kile kipande cha plastiki au mfupa, pale nyuzi zinapotoka kichwani kuingia shingoni. Magitaa mengi ya bei nafuu hutoka dukani nati ikiwa juu mno, na F inapigwa freti ya 1, jirani kabisa na nati (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo, huhesabiwa kuanzia kwenye nati). Hapo ndipo uzi unakuwa mgumu kuliko sehemu nyingine yoyote ya shingo.

Pima hivi: bonyeza uzi kwenye freti ya 3, kisha chungulia nafasi kati ya uzi na freti ya 1. Inatakiwa iwe nyembamba kama karatasi. Ikipenya kadi ya benki, nenda kwa fundi. Usisugue mwenyewe, maana mfereji ukizama sana uzi utakwaruza hata ukiupiga wazi, bila kuubonyeza. Na kwa kuwa uko pwani, jua kwamba mbao hunywa unyevu. Msimu wa masika uso wa gitaa huvimba kidogo na nyuzi hupanda juu. Kama umefunga seti ya nyuzi ya 12, badilisha ufunge ya 10. Namba hiyo ni unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, na mkono utaisikia tofauti tangu siku ya kwanza.

Sasa mkono. Wanafunzi wengi hudhani kidole cha shahada kinabeba nyuzi zote sita. Hebu itazame F: kidole cha kati kiko uzi wa 3, freti ya 2. Cha pete kiko uzi wa 5 na kidogo uzi wa 4, vyote freti ya 3. Shahada kimebakiwa na nyuzi tatu tu: wa 6, wa 2 na wa 1. Katikati kinaweza kupinda na kulegea, hakuna hasara yoyote. Nguvu uliyokuwa unaimwaga kwenye nyuzi zote sita, ielekeze kwenye hizo tatu.

Kiegemeze kidole hicho kwa ubavu wake wa upande wa gumba, penye mfupa, kwa sababu upande wa mbele una nyama laini. Kisogeze karibu na chuma cha freti, usikilaze katikati ya nafasi. Uzi mmoja ukikataa kulia, angalia kama umeangukia kwenye mkunjo wa kiungo. Sogeza kidole juu au chini milimita mbili tatu, utashangaa.

Maumivu ya chini ya gumba yananiambia unaminya shingo kama koleo. Gumba likae nyuma ya shingo, mkabala na kidole cha kati, likiegemea tu. Nguvu itoke kwenye mkono mzima: kiwiko cha kushoto kinavuta taratibu kuelekea nyuma, na mkono wa kulia unalibana tumbo la gitaa kifuani lisizunguke. Kifundo kisipinde sana. Ncha za vidole kuuma ni kawaida, lakini kifundo au gumba likiuma, acha hapohapo upumzike.

Zoezi usilianzie freti ya 1. Peleka umbo hilohilo freti ya 5, hiyo ni A. Piga uzi mmoja mmoja, sikiliza, sahihisha, kisha ondoa mkono wote na uupange upya. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha. Ikilia safi siku tatu mfululizo, shuka freti ya 4, kisha ya 3 ambayo ni G, hadi uifikie F. B flati yenye mzizi (noti inayoipa kodi jina) kwenye uzi wa 5 ije baada ya hapo, kwa kuwa inadai zaidi kidole cha pete.

Jumapili hii kwaya isikusubiri. Funga kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni, freti ya 3. Wakiimba F, wewe piga D. B flati yao ni G yako, na C yao ni A yako. Wimbo ukiwa kwenye B flati, kapo ibaki palepale: piga G, C na D. Kodi zote hizo tayari unazo. Nyumbani vua kapo, urudi freti ya 5.