Sportsmaster alianza kama adui wa Green Lantern, si wa Batman

Wengine husema Sportsmaster, mhalifu wa vitabu vya katuni vya DC, alianza kama adui wa Batman. Hapana ndugu, hakuanzia kwa Batman. Adui wake wa kwanza ni shujaa Green Lantern, yule wa zamani, Alan Scott, kwenye All-American Comics namba 85 ya Mei 1947. Wakati huo alijulikana kama Crusher Crock, mwanamichezo aliyegeukia uhalifu. Silaha zake zote ni vifaa vya michezo: unaona mpira wa besiboli wa kawaida tu, kumbe ni bomu.

Anayewachanganya wengi ni mkewe, Huntress, kwa kuwa jina hilo limetumiwa na wawili. Mkewe ni Paula Brooks, adui wa shujaa Wildcat. Huntress mwenye undugu na Batman ni Helena Wayne, binti yake, na huyo alikuja miaka thelathini baadaye.

Ukitaka kumwona vizuri, tafuta DC Super-Stars namba 10 ya 1976. Yeye na mkewe wanabishana kati ya wema na uovu nani mshindi, basi wanaamua kwa mechi ya besiboli, mashujaa dhidi ya wahalifu. Mashujaa wakashinda. Kwangu mimi hakuna hadithi inayomfaa kuliko hiyo.

Ila kwenye katuni ya runinga ya Young Justice mambo ni tofauti kidogo, pale anajulikana zaidi kama baba yake Artemis, shujaa msichana mpiga mishale.