Kitabu cha mikunjo: kunja karatasi kabla ya kuchonga lino

Wachapaji wa lino (bamba laini linalochongwa picha, likapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi) wanaoniuliza kuhusu vitabu vinavyokunjwa kama kodiani huja na chapa zilizokwisha kukauka, wakitaka kujua wazigandishe vipi. Nawashauri waanzie upande wa pili. Chukua karatasi tupu, ikunje, ifungue na kuifunga mara kadhaa, ndipo ushike kisu cha kuchongea. Kitabu hiki husomwa kwa njia mbili: ukikishika mkononi unaona kurasa mbili mbili, ukikinyoosha mezani unaona picha moja ndefu. Usipozipanga zote mbili mapema, utapata albamu tu.

Umbo lenyewe ni la kale. Huko China maandiko ya Kibudha yaliandikwa kwenye hati ndefu za kuviringisha, na kufikia sehemu ya katikati ilikuwa kazi. Zilipoanza kukunjwa, msomaji aliweza kufungua popote. Wajapani huliita orihon.

Shiti ya sentimita 70 kwa 100 hutoa vipande vinne vya sentimita 17.5 kwa 100. Kunja kipande katikati, kisha gawa kila sehemu nusu kwa nusu mpaka upate kurasa 8 za sentimita 12.5. Usipime kila ukurasa kwa rula, maana kosa la milimita moja hujirudia na mwishowe kitabu kinakaa upande.

Kabla ya kukata, tafuta nyuzi za karatasi zinaelekea wapi. Hili nalisisitiza kuliko yote. Pinda shiti taratibu bila kuikunja, kwa urefu kisha kwa upana. Mpindo unaokubali kwa wepesi ndio unaofuata nyuzi, na mikunjo yako yote iende sambamba nao. Kwa vipimo nilivyotaja, nyuzi ziwe zimefuata upande wa sentimita 70. Ukikunja kinyume, ukingo wa mkunjo huchanika na kurasa hazilali.

Karatasi ya kitabu chenyewe, tofauti na ile tupu ya mwanzo, chapa kwanza, kunja baadaye. Wino wa mafuta hukawia kukauka, hasa pwani wakati wa masika, kwa hiyo subiri mpaka kidole kisitoke na rangi. Picha inapovuka mkunjo, paka tabaka jembamba la wino, la sivyo wino utapasuka na kuacha mstari mweupe. Chapa za majaribio usizitupe, zikunje hizo kwanza uone wino unavyostahimili. Karatasi nzito ichorwe mstari wa mkunjo kwa kitu butu kabla ya kuikunja.

Majalada ni kadibodi mbili zilizozidi kurasa kwa milimita 3 kila upande. Gandisha ukurasa wa kwanza na wa mwisho peke yake, ukandamize chini ya vitabu vizito usiku kucha. Mgongo usiutie gundi kabisa, ili msomaji aweze kukinyoosha chote. Sahihi, namba ya nakala, mwaka na aina ya karatasi mimi huandika kwa penseli nyuma ya ukurasa wa saba, ambako gundi haifiki.